Lugha ya Kisiwa Kimoja: Waingereza wa Zamani za Shakespeare na Sisi

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuzungumza nanyi habari za Waingereza wa zamani na vitabu vyao, tangu mwaka 1476 hata mwaka 1667. Twajua ya kuwa wengi wenu mko mbali na miji mikubwa: wengine mko Nachingwea, wengine Ruangwa, wengine katika vijiji vya bonde la Mbwemkuru, mto ule utokao bara na kuingia baharini kati ya Kilwa na Lindi. Huenda mtu wa huko akauliza, "Mambo ya kale ya ng'ambo yanihusu nini mimi, mkulima wa muhogo na ufuta?" Swali hilo ni la haki, na wanafunzi wetu wa ualimu hutuuliza lilo hilo kila mwaka.

Jibu letu ni hili. Kiingereza, ambacho leo watu hukiheshimu hata wengine wakaionea haya lugha yao wenyewe, zamani kilikuwa lugha ndogo, maskini wa vitabu, tena kikidharauliwa na wenye elimu wa kwao. Kilipata nguvu kwa kazi ya watu tuwezao kuwataja kwa majina: wafasiri, wapiga chapa, watungaji, na walimu wa shule. Na kazi ya namna hiyo ilipofanywa kwetu, katika mji wa Unguja mwaka 1867, ilifanywa kwa hadithi za Waingereza wale wale. Basi na tutazame mambo yalivyokuwa.

Katika karne ya 15, huko Italia, wataalamu walivitafuta vitabu vya kale vya Wayunani na Warumi vilivyokuwa vimesahauliwa, wakavisoma upya na kuviiga. Zama hizo zimeitwa zama za Kuzaliwa Upya, kwa kuwa elimu iliyodhaniwa imekufa ilizaliwa mara ya pili. Mwamko huo ulichelewa kufika Uingereza. Nchi yenyewe ilikuwa ndogo. Hata mwaka 1600 watu wake walikuwa yapata milioni 4 tu. Aliyetaka elimu alisoma Kilatini, maana mambo ya dini, ya tiba na ya elimu ya juu yaliandikwa kwa Kilatini. Kiingereza kilikuwa lugha ya sokoni na shambani.

Wa kwanza kukitia katika chapa alikuwa William Caxton, mfanyi biashara aliyejifunza kazi hiyo ng'ambo. Kitabu cha kwanza kabisa kupigwa chapa kwa Kiingereza alikichapa yeye katika mji wa Bruges, karibu na mwaka 1473, nacho hakikutungwa na Mwingereza. Kilikuwa hadithi za vita vya Troy, ambazo Caxton mwenyewe alizifasiri kutoka Kifaransa. Mwaka 1476 akaweka mtambo wake Westminster, karibu na London. Tulishike neno hili, maana tutalirudia: kitabu cha kwanza cha chapa cha Kiingereza kilikuwa tafsiri.

Wala kufasiri hakukuwa kazi ya salama. William Tyndale alilifasiri Agano Jipya kutoka Kiyunani, ikambidi kulipiga chapa Ujerumani mwaka 1526, kwa kuwa kwao amekatazwa. Nakala zikaingizwa Uingereza kwa siri. Mwaka 1536 Tyndale akauawa. Lakini Biblia ya Kiingereza ilipotolewa kwa amri ya Mfalme James mwaka 1611, maneno mengi ya Tyndale yalikuwamo ndani yake, na hata leo Waingereza husema maneno yake bila kujua ni ya nani.

Twapenda kumtaja na mwalimu mwenzetu, Richard Mulcaster, aliyekuwa mkuu wa shule moja ya London tangu mwaka 1561 hata mwaka 1586. Mwaka 1582 alitoa kitabu cha kuwafundisha walimu jinsi ya kusomesha watoto kuandika Kiingereza sawasawa. Wenye elimu wa siku zile walimwuliza, "Kwa nini waandika elimu kwa Kiingereza?" Naye hakuficha udhaifu wa lugha yake. Alikiri kwamba Kiingereza hakisemwi nje ya kisiwa chao, tena hata kisiwani hakisemwi kila mahali. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, kwa kuwa walikuwako watu wa kisiwa hicho waliosema lugha nyingine kabisa, kama hivi sisi huku tulivyo na Kimwera, Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Hata hivyo Mulcaster alisema kwamba akiheshimu Kilatini, aheshimu zaidi Kiingereza, na kwamba lugha haina elimu mpaka watu wake waitie elimu. Katika kitabu hicho aliweka orodha ya maneno yapata 8,000 ili yaandikwe kwa namna moja.

Kamusi ya kuwaeleza Waingereza maneno magumu ya lugha yao wenyewe haikupatikana ila mwaka 1604, nayo ilitungwa na mtu aliyekuwa mwalimu wa shule, Robert Cawdrey. Maneno yake hayakupita sana 2,500. Wasikilizaji, hebu lifikirini jambo hilo. Mtungaji mkuu wa Kiingereza aliandika michezo yake mingi wakati ambapo lugha yake haikuwa na kamusi hata moja ya namna hiyo.

Mtungaji huyo ni William Shakespeare. Alizaliwa mwaka 1564 katika mji mdogo wa Stratford, mtoto wa fundi wa kushona glavu. Chuo kikuu hakusoma. Alikwenda London akawa mchezaji na mtungaji wa michezo, na mwaka 1599 yeye na wenzake wakajenga nyumba ya michezo iliyoitwa Globe, ng'ambo ya mto Thames. Ilikuwa nyumba ya mbao, katikati wazi kwa mbingu. Aliyekuwa na peni moja alisimama chini uani, na aliyekuwa na zaidi alikaa juu. Walicheza mchana, na mchezaji akisema kuwa sasa ni usiku wa manane, watu waliuona usiku kwa masikio yao. Wanawake hawakucheza, wavulana walivaa nguo za kike wakawa malkia na mabinti. Mtu aliyepata kukaa uwanjani kumsikiliza msimulizi hodari wa Kimwera, asiye na chombo chochote ila sauti na mikono yake, hana haja ya kufundishwa jinsi mchezo kama huo unavyowashika watu.

Je, Shakespeare alipata wapi hadithi zake? Nyingi aliziazima. Tuchukue mchezo wake wa Julius Caesar. Zamani Plutarch aliandika kwa Kiyunani maisha ya wakuu wa Wayunani na Warumi. Mwaka 1559 Jacques Amyot akayatia katika Kifaransa. Mwaka 1579 Thomas North akakichukua Kifaransa cha Amyot, wala si Kiyunani chenyewe, akakitia katika Kiingereza. Shakespeare akakisoma kitabu cha North akatunga mchezo wake, na mgeni kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliuona mchezo wa Julius Caesar London mwaka 1599. Basi mchezo huo ambao Waingereza hujivunia ni mali iliyopita mikono mitatu kabla ya kumfikia mtungaji. Hakuna aliyemcheka kwa kuazima. Walimsifu kwa jinsi alivyokirudisha alichoazima, kimeongezeka.

Wakati huo huo Waingereza walianza kutoka kisiwani mwao. Hapana budi kusema pia mabaya waliyoyatenda, maana historia haifichi. John Hawkins alianza mwaka 1562 kuchukua watu pwani ya magharibi ya Afrika na kuwauza watumwa ng'ambo ya bahari. Na upande wetu, merikebu tatu ziliondoka Plymouth mwezi wa Aprili mwaka 1591. Moja ilirudishwa kwao na wagonjwa, moja ilipotea katika tufani, na moja tu, iliyoitwa Edward Bonaventure, chini ya nahodha James Lancaster, ilifika Unguja. Ilikaa hapo hata mwezi wa Februari mwaka 1592. Waingereza hao walimshika sharifu mmoja aliyeheshimiwa sana, wakamtendea kwa adabu, na mfalme wa Unguja akamkomboa kwa kuwapa vyakula vya miezi miwili. Habari hizo ziliandikwa na Edmund Barker, mmoja wa wakubwa wa merikebu, zikatiwa chapa na Richard Hakluyt katika kitabu chake kikubwa cha safari. Ndivyo Unguja ilivyoingia katika vitabu vya Kiingereza, Shakespeare akiwa bado kijana.

Kilwa nayo iliingia. Mshairi John Milton, aliyekuwa amepofuka macho, alitoa mwaka 1667 utenzi mkubwa uitwao Paradise Lost. Mahali pamoja malaika ampandisha Adamu mlimani, na hapo mshairi ataja falme na miji ya dunia, na kati yake ataja Mombasa, Kilwa, Malindi na Sofala. Kilwa hiyo ni Kilwa Kisiwani, kaskazini ya mlango wa Mbwemkuru. Lakini Milton hakupata kuiona Afrika. Majina hayo aliyapata vitabuni. Alipoutoa utenzi huo, ilikwisha kupita miaka 162 tangu Wareno walipoishambulia Kilwa mwaka 1505. Katika utenzi wake Kilwa ni jina tu, na mtu wa Kilwa hakupewa hata neno moja la kusema.

Hata hivyo msidhani kuwa watu wa Kilwa hawakujua kusema habari zao. Katika karne hiyo ya 16, karne ya Tyndale na ya Shakespeare, mtu wa Kilwa aliandika historia ya masultani wake, na nakala yake imehifadhiwa London. Aliiandika kwa Kiarabu, kwa sababu Kiarabu kilikuwa kwake kama Kilatini kilivyokuwa kwa wataalamu wa Uingereza: lugha ya wenye elimu. Na Kiswahili chenyewe hakikukosa watungaji. Nakala ya Utenzi wa Tambuka iliyoandikwa Pate kwa herufi za Kiarabu ni ya mwaka 1728. Kwa hiyo, mtambo wa chapa ulipofika Unguja, haukukuta watu mabubu. Uliikuta lugha yenye mashairi mazuri, ila vitabu vyake vilinakiliwa kwa mkono na kusomwa na wachache.

Mtambo huo ulikuwa wa misheni ya Waingereza waliohamia Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Mwenzake alikuwa Edward Steere, mtu aliyesomea sheria, ambaye mwenyewe alifanywa askofu mwaka 1874. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji wa Unguja, na mwaka 1867 akatoa kitabu kidogo kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Hakufasiri michezo ya Shakespeare yenyewe, bali masimulizi mafupi ambayo Charles Lamb na dada yake Mary waliyatoa mwaka 1807 kwa ajili ya watoto. Alichagua manne: habari za mke mkali aliyetulizwa, habari za mfanyi biashara wa Venice, habari za Mfalme Lear, na habari za Timon wa Athene. Kama ilivyokuwa kwa Caxton, mpiga chapa alikuwa ndiye mfasiri, na kitabu cha mwanzo kilikuwa hadithi za watu wengine.

Sasa tuwatazame waliokuwa shuleni mwake. Wanafunzi wa kwanza wa misheni hiyo walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa, na baadhi yao walifundishwa kazi ya chapa. Ninyi wa Nachingwea na Ruangwa mwajua habari za njia za misafara zilizotoka upande wa Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao, zikapita katika nchi hizi za kusini, zikateremka hata Kilwa Kivinje. Huko watu walipakiwa majahazini wakapelekwa soko la Unguja, ambalo halikufungwa hata mwaka 1873, siku za Sultani Barghash. Mwaka 1876 Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa, akapita Lindi, akawaweka Masasi, jirani zenu. Watu waliokuwa wameteremshwa pwani kwa kamba walipanda tena bara kwa miguu yao wenyewe, na wengine wao walikuwa wamekwisha kujua kusoma.

Mtu wa namna hiyo akiisoma hadithi ya Venice, asoma nini? Antonio amekopa fedha kwa Shylock, kwa sharti kwamba siku ikipita hajalipa, Shylock atakata ratili moja ya nyama ya mwili wake. Siku ikapita. Basi wakasimama barazani, kisu kimenolewa, mpaka Portia, aliyejivika nguo za mwanasheria, akasema, chukua nyama yako, lakini hati haikutaja damu. Mtoto wa London aliona hapo maajabu ya hadithi. Bali mtoto wa Unguja aliyewahi kupimwa na kupewa bei alijua ya kuwa mwili wa mtu kuwa malipo ya deni si maajabu. Ni jambo lililofanyika sokoni, mbele ya macho yake.

Tena katika mchezo wenyewe kuna maneno ambayo masimulizi mafupi hayakuyachukua. Shylock awaambia wakubwa wa Venice kwamba wao nao wana watumwa waliowanunua, na hawakubali kuwaacha huru kwa kuwa ni mali yao. Basi, ikiwa mwili mzima ulionunuliwa ni mali ya mnunuzi, mbona ratili yake moja isiwe mali yake? Hakuna barazani amjibuye. Mchezo huo una ila yake, kwa kuwa wawacheka Wayahudi, watu waliokuwa wamefukuzwa Uingereza tangu mwaka 1290. Lakini swali hilo Shakespeare alilitia katika kinywa cha Myahudi, na ni swali ambalo nchi yake ilikuwa na haja ya kuulizwa. Wasomaji wa Kiswahili walilingoja miaka 102. Lilifika mwaka 1969, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi, mchezo mzima kwa Kiswahili.

Hadithi ya Mfalme Lear nayo ina somo lake huku kwenu. Mzee huyo aligawa ufalme wake kwa mabinti zake, akamnyima yule mdogo aliyempenda kwa kweli, na wale wawili wakamtupa nje katika mvua. Kwa mila za Wamwera wa zamani, urithi ulifuata upande wa mama, na mpwa alimrithi mjomba wake. Basi mzee wa Ruangwa akiisikia hadithi hii ana haki ya kuuliza, "Je, mfalme huyu hakuwa na wapwa?" Msicheke. Swali kama hilo laonyesha kuwa msikilizaji ameipokea hadithi, ameipima kwa mizani ya kwao, wala hakuimeza nzima. Ndivyo Shakespeare alivyompokea Plutarch.

Nyerere alikuwa amekwisha kufasiri Julius Kaisari mwaka 1963, akiwa tayari Rais wa Tanganyika. Samuel Mushi akatoa Makbeth mwaka 1968, na Tufani mwaka 1969. Angalieni basi mnyororo ulivyorefuka: Kiyunani, Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili. Lugha ya nne haikupata aibu kuliko ya pili au ya tatu. Wako waliosema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mawazo mazito ya watu wa ng'ambo. Waliosema hivyo juu ya Kiingereza mbele ya Mulcaster walikuwa na hoja zile zile, tena walikuwa wataalamu wakubwa. Leo majina yao hayakumbukwi.

Kwa hiyo, walimu wenzetu na ninyi wazazi, twaona mambo mawili ya kushika. La kwanza ni kwamba kujifunza lugha ya wengine si dhambi, na kuidharau yetu si elimu. Tyndale, North na Mulcaster walijua sana lugha za kigeni, na kwa sababu hiyo hasa waliweza kuitajirisha ya kwao. Mwalimu ajuaye Kiingereza, asiyeweza kumweleza mtoto wa Nachingwea kwa Kiswahili safi alichokisoma, amebeba maji katika pakacha.

La pili ni la deni. Tumepokea hadithi za Waingereza, na tumezipokea vema. Steere mwenyewe alijua kwamba mapokezi hayawi ya upande mmoja. Mwaka 1870 alitoa London kitabu cha hadithi za Unguja, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande huu, nazo alizipata kwa kusikia vinywani mwa watu. Lakini hadithi za bonde la Mbwemkuru, za Wamwera na majirani zao, nyingi zimo bado vinywani mwa wazee, na kinywa cha mzee hakingoji mtambo wa chapa. Kilwa ilipokuwa jina tu katika utenzi wa Milton, hatukuwa na namna ya kumjibu. Sasa tunayo: kalamu tunayo, karatasi tunayo, na watoto wetu wajua kuandika. Kila shule yaweza kuwa na daftari moja, na kila mtoto aweza kumwandikia bibi yake hadithi moja, kwa Kimwera kama alivyoisema, na kwa Kiswahili ili jirani aisome.

Waingereza walianza na hadithi za Troy ambazo si zao, wakafika kwa Shakespeare. Sisi tulianza na hadithi za Shakespeare. Hatujui tutafika wapi. Lakini twajua njia ile ilitengenezwa na akina nani, na walimu wa shule walikuwa kati yao. Hapa ndipo tukomeapo leo.